Balbina na Mwanzo wa Kila Mstari

Siku Balbina alipomwita mama yake mvivu, mama yake hakujibu kwa hasira. Yosefina alikuwa amekaa kwenye kigoda anapeta mchele. Aliendelea kupeta, akaona kijiwe, akakitoa, akakitupa pembeni, ndipo akasema, "Labda kweli, mwanangu. Labda nilipitiwa."

Maneno hayo yalikuja kumkaa Balbina rohoni kama mwiba wa samaki. Maana mama yake hakuwa mvivu, na hakupitiwa.

Balbina ana duka la steshenari Kibaoni, hapo Ifakara mjini. Anachapa barua, anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, anawajazia watu fomu za mtandaoni. Ana miaka thelathini na mbili. Shule aliachia kidato cha pili baba yake alipofariki, akasoma kompyuta miezi mitatu parokiani, na yaliyobaki akajifundisha mwenyewe kwenye simu, akikaa nyuma ya mashine ya kopi wateja wakiwa hawapo. Watu wa Kibaoni wakiona mtu anahangaika na kompyuta wanamwambia, mpelekee Balbina.

Huko nje ya mji, njia ya kwenda Mbingu, kuna skimu ya umwagiliaji ya Nakihanga. Ni majaluba sitini na manne ya mpunga. Maji yanaingia kwenye banio chini ya milima, yanapita kwenye mfereji, yanagawiwa kwa zamu mpaka yafike mkiani, karibu na tuta la reli. Mkiani ndiko wanakolima wasio na mtu. Wajane wengi. Jaluba namba sitini lilikuwa la Yosefina, alilipalilia akiwa na mimba ya Balbina na bado alikuwa analipalilia Balbina alipofungua duka.

Skimu ina sheria moja ambayo kila mtu anaijua hata kama hajui kusoma. Ukikosa kuchukua maji zamu tatu mfululizo bila taarifa, jaluba lako linahesabiwa limetelekezwa, anapewa mwingine. Akililima msimu mmoja vizuri, mkutano mkuu unamwandika moja kwa moja, na hapo huna pa kwenda kudai.

Zamani zamu ziliandikwa kwenye daftari. Daftari likaloa mafuriko yalipokuja. Ndipo katibu wa skimu, Fridolin, akasema mambo ya karatasi basi, wagawa maji watume ujumbe wa simu kwenye simu ya ofisi, nani kafungua, jaluba gani, saa ngapi. Na kazi ya kuzisoma jumbe hizo akampa Balbina. Fridolin ndiye baba wa ubatizo wa Balbina. Alimshika mbele ya padri akiwa na siku arobaini, na kwenye sherehe zote alipenda kusema, "Huyu ni binti yangu, kichwa chake ni mashine."

Kwa hiyo Balbina akaandika programu. Kila Jumatatu simu ya ofisi inaletwa dukani, anahamishia jumbe zote kwenye kompyuta, programu inazipitia, inatoa orodha. Nani kachukua maji, nani hajachukua. Chini ya orodha inaandikwa: imeandaliwa na Balbina. Fridolin anaweka sahihi juu yake, inabandikwa mlangoni pa ofisi ya skimu.

Mwaka jana mwishoni, orodha ikaonyesha Yosefina hajachukua maji zamu moja. Kisha mbili. Kisha tatu.

Yosefina akaenda ofisini, khanga mabegani, akasema alifungua maji kila zamu yake na miguu yake ni shahidi. Luciana, mjane wa jaluba la hamsini na tano, akaenda naye kumshuhudia.

"Nilimwona kwa macho yangu," Luciana alisema. "Tulikuwa tunapokezana jembe."

Fridolin aliwatazama kwa upole mkubwa. "Dada zangu, macho ni macho. Mna ujumbe? Jina halipo kwenye kompyuta. Na hiyo kompyuta hakuiandika mgeni, aliiandika Balbina." Akamgeukia Yosefina. "Unataka niseme mwanao mwongo?"

Yosefina akarudi nyumbani. Jioni ile ndipo Balbina alipompandishia sauti. Alimwuliza alikuwa wapi, alikuwa amelala, au ndiyo hadithi za jumuiya hazikwisha. Alimwambia amemwaibisha, watu wataona mama wa mwenye kompyuta ndiye mvivu wa kwanza. Na mama akasema, labda nilipitiwa.

Jaluba la sitini akapewa Deogratias, shemeji yake Fridolin, ambaye tayari alikuwa na la sitini na moja. Wiki chache baadaye Luciana naye akafikisha zamu tatu za kukosekana kwenye orodha, na jaluba lake likaenda. Watu tisa wa mkiani waliondolewa msimu ule. Ulipofika wakati wa kupandikiza, Deogratias akatafuta vibarua, na Yosefina akawa mmoja wao. Alipandikiza mpunga wa mtu mwingine kwenye tope analolijua lilipo na kina na lilipo na mawe. Alirudi nyumbani na mgongo umekakamaa. Nyumba ikawa na kelele za sufuria tu.

Basi ukafika mwezi wa mkutano mkuu, mpunga umeshavunwa. Ilikuwa Jumatatu, saa tano asubuhi, jua limekaa juu ya bati la duka. Fridolin alikuwa ameagiza orodha ndefu ya msimu mzima, tangu mwezi wa kumi na moja, ili wamiliki wapya wathibitishwe. Balbina aliitoa kwenye printa akaipitishia macho kama anavyofanya siku zote, kuangalia kama wino umeshika. Akafika mkiani mwa orodha, hamsini na tano mpaka sitini na nne. Jaluba la sitini na moja, Deogratias: zamu zote kachukua. Wengine wote tisa, mpaka siku walipoondolewa: sifuri, sifuri, sifuri.

Akaiweka karatasi chini.

Maji hayarukiruki. Yakienda sitini na moja yanapita kwenye milango ya hamsini na tano, hamsini na sita, hamsini na saba, yote. Inawezekanaje watu tisa walale, wa kumi aamke peke yake, kila zamu?

Akafungua jumbe zenyewe, zile mbichi, ambazo hakuwahi kuzisoma kwa macho tangu programu ianze kufanya kazi. Akatafuta za Evod, mgawa maji wa mkiani. Ujumbe wa kwanza aliokutana nao ulikuwa hivi:

Deogratias 61 kafungua saa mbili
Luciana 55 kafungua saa tatu
Yosefina 60 kafungua baada ya Luciana

Na ukaendelea chini, majina kumi, kila jina na mstari wake.

Balbina alikaa akiutazama mpaka skrini ikajizima. Mteja mmoja akaja na kitambulisho akitaka kopi mbili. Akamtolea tatu, akasahau kupokea pesa, mteja naye akaondoka haraka.

Sasa ili mtu aelewe kilichompata Balbina inabidi aelewe ile programu. Kuna namna ya kutafuta kwenye maandishi ambayo watu wa programu wanaiita regeksi. Hutafuti neno tu, unachora umbo la unachokitaka, na kompyuta inapita inalinganisha. Balbina alichora jina, na mbele ya jina akaweka alama iliyo kama kofia ndogo. Kofia hiyo inasema: jina hili likubali likiwa mwanzoni tu. Alikuwa na sababu. Wagawa maji wanapenda kuandika "fulani kafungua baada ya fulani", na yeye alitaka kuhesabu yule anayetangulia, si yule anayetajwa kwa kupita.

Na mchoro mmoja unaweza kusomwa kwa hali mbalimbali. Unaongeza herufi moja pembeni, tabia yote inageuka. Ukiweka herufi i, kompyuta haijali herufi kubwa wala ndogo. Hiyo Balbina aliiweka tangu siku ya kwanza, maana aliwajua wagawa maji, huyu anaandika yote makubwa, yule yote madogo. Alijisifu sana kwa hilo. Lakini kuna nyingine, herufi m. Bila hiyo m, kofia inajua mwanzo mmoja tu, mwanzo wa ujumbe mzima. Ukiiweka, kila mstari unakuwa na mwanzo wake.

Hiyo m hakuiweka. Alipojaribu programu alitumia jumbe za mfereji wa juu, ambako mtandao unashika vizuri na mgawa maji anatuma ujumbe mmoja kwa kila mtu, mstari mmoja. Mkiani hakuna mtandao. Evod anashinda na maji kutwa nzima, jioni anapanda tuta la reli, pale ndipo simu yake ya kitochi inapata vinundu viwili vya mtandao, anatuma watu wote kumi kwa mpigo. Balbina hakuwahi kutembea mpaka mkiani kumuuliza Evod anatumaje. Na mama yake alikuwa analima huko huko.

Akaongeza herufi m. Akabonyeza. Yosefina, mpaka siku aliyoondolewa: zamu zote kachukua. Luciana: zote. Wote tisa, zote, hakuna hata mmoja aliyelala.

Alimwona mama yake na ule ungo, na kile kijiwe kinatupwa pembeni.

Angeweza kuishia hapo na kujilaumu maisha yake yote. Lakini Balbina ana jicho, na jicho lake liligoma kutoka kwenye mstari wa kwanza. Deogratias. Kwa nini sitini na moja itangulie hamsini na tano? Akarudi nyuma kwenye tarehe. Mpaka mwezi wa kumi, Evod alikuwa anaanza na Luciana kama maji yanavyokwenda. Ghafla, siku moja, Deogratias akawa juu, na hakushuka tena. Na kuanzia siku hiyo hiyo Luciana akapotea kwenye orodha.

Kompyuta ilikuwa inahamisha kila kitu kutoka kwenye simu ya ofisi, jumbe zilizoingia na zilizotoka. Fridolin hakujua hilo. Balbina akaigeuza programu itafute kwenye zilizotoka. Likaja jibu moja tu kwa Evod. Simu ilikuwa imelishika pamoja na swali lake lililoingia.

"Shkm katibu. Wa mkiani wanalalamika hawapo kwenye orodha na mimi natuma kila siku. Naona anaonekana Luciana tu niliyemweka juu. Nadhani kompyuta inasoma wa juu tu. Tumwambie Balbina?"

Na jibu: "Usimwambie mtu. Kuanzia kesho aanze Deogratias. Wengine waandike chini kama kawaida."

Balbina alisoma jibu hilo mara nyingi mpaka likaacha kuwa maneno. Kosa lilikuwa lake, sawa. Lakini mtu mmoja alilikuta kosa hilo njiani, akalitambua, akaliinua, akalifanya panga. Na akalipitisha kwenye shingo ya mama yake huku anamwita yeye binti yangu.

Tangu hapo Balbina hakutaka jaluba tena, au niseme, jaluba lilikuwa la pili. La kwanza alitaka kumwona Fridolin chini.

Kuna desturi kwamba huwezi kusimama mbele ya watu kumshitaki baba yako wa ubatizo kabla hujaingia kwake ukamsalimia. Kesho yake akachukua bajaji mpaka Nakihanga. Hakwenda kwa heshima. Alikwenda amwone uso.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu. Mama yako mdogo yuko jumuiya, utakunywa chai kwa mikono yangu, usinicheke." Fridolin alivuta kiti akakifuta na kiganja. "Orodha imekwisha?"

"Imekwisha. Lakini baba, programu yangu ina kosa."

"Enhe."

"Inasoma mstari wa kwanza tu."

Mtu asiyejua angeuliza mstari gani. Angeuliza kosa ndiyo nini, angesema hayo ya kompyuta mimi siyajui. Fridolin alimimina chai mpaka kikombe kikajaa, akaweka birika chini taratibu, akauliza, "Umegundua lini?"

Balbina akajua hahitaji kuuliza kitu kingine.

"Jana," akasema.

"Umemwambia nani?"

"Bado."

Fridolin akaketi. Sauti yake haikubadilika, ilikuwa ile ile ya kwenye sherehe. "Sikiliza, mwanangu. Ile orodha ina majina mawili chini. La kwako na la kwangu. Nikisimamishwa mimi, na wewe unasimama. Watu watasemaje? Binti kamnyang'anya mama yake jaluba kwa kompyuta. Nani atakuletea hata barua ya kuchapa?"

"Hakuna."

"Umeona. Sasa rekebisha kimya kimya. Msimu ujao wote waonekane. Ya nyuma yameshapita na maji. Mama yako nitampa jaluba la juu, la saba, karibu na banio. Huko maji yanafika kabla hujavua viatu. Atastarehe. Mwambie."

Chai ilikuwa ya tangawizi. Balbina akainywa yote, maana ni vibaya kuacha chai ya baba, akarudisha kikombe kwenye sinia, akasema asante baba.

Nyumbani mama yake alimwuliza alitoka wapi. Akasema, kumsalimia baba Fridolin. Yosefina akafurahi, akasema vizuri, mtu asikate mizizi. Balbina akavua kandambili akaingia ndani. Habari ya jaluba la saba hakuitaja. Ukweli usemwe. Alijua mama yake angelikubali. Angelikubali siku hiyo hiyo, angepiga na goti. Na Fridolin angebaki amekaa kwenye kiti chake. Kwa hiyo Balbina akalimeza jaluba la saba pamoja na ile chai, na wala hakuwa anawafikiria wale wanane wengine. Alikuwa anamfikiria mtu mmoja.

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la skimu, mabenchi ya shule yameazimwa, kuku wanapita katikati kuokota punje. Mwenyekiti Apolinari, mzee mwenye kikohozi, akafungua kwa sala, akaita ajenda ya kuthibitisha wamiliki. Fridolin akasimama na orodha. Kabla hajasoma, Balbina akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, orodha hiyo nimeiandika mimi na ni ya uongo. Kosa la kwanza ni langu."

Vichwa vikageuka. Kisha mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, "Kumbe ndiye aliyemla mama yake."

"Ndiyo," Balbina akasema, bila kugeuka. "Ndiye mimi. Niache nieleze nilivyomla, halafu nitaeleza nani alishika sahani."

Apolinari akakohoa. "Eleza kwa lugha yetu, binti. Hayo ya mashine wengine hatuna."

"Mzee, ukinituma nikamlete mtu aliyekaa mwanzo humu ghalani, nitamleta nani?"

Mzee akatazama. "Huyo hapo mlangoni. Benchi la mbele, wa kwanza."

"Na ukinituma nikalete mtu aliyekaa mwanzo kwenye kila benchi?"

"Utaleta wengi. Kila benchi lina mwanzo wake."

"Basi mimi niliituma kompyuta vibaya. Nilisahau herufi moja ya kuiambia kila benchi lina mwanzo wake. Ikawa inaenda benchi la mbele tu, inamhesabu mmoja, inageuka inarudi. Watu wa mkiani walikaa mabenchi ya nyuma. Walikuwepo. Evod aliwaandika kila siku. Mashine yangu haikufika walipo."

Luciana akapiga makofi mara moja, kisha akaona yuko peke yake, akaweka mikono mapajani. Yosefina alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuna aliyejua anatazama nini.

"Kosa la bahati mbaya hilo," Fridolin akasema haraka, akimpungia Balbina mkono kwa huruma. "Binadamu hukosea. Tumsamehe mtoto. Mwenyekiti, tulirekebishe msimu ujao, tuendelee."

"Bado sijamaliza, baba." Balbina akatoa karatasi kwenye bahasha. "Kuna jumbe mbili hapa. Naomba ya kwanza asome aliyeituma. Kaka Evod."

Evod alisimama, kofia mkononi, mtu mrefu mwenye magaga miguuni. Akasoma swali lake polepole, akifuata kwa kidole, mpaka kwenye tumwambie Balbina. Akakaa. Akafuta jasho na kofia.

"Na hii ya pili ni jibu. Imetoka kwenye simu ya ofisi. Naomba baba Fridolin aisome mwenyewe."

"Sina miwani."

"Nimeyakuza maandishi, baba. Hata toka mlangoni yanasomeka."

Watu wengine wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Fridolin akamtazama Apolinari, Apolinari akatazama paa. Akamtazama shemeji yake Deogratias, ambaye alikuwa ameanza kutafuta kitu mfukoni na hakukipata. Akaipokea karatasi.

Alisoma mstari wa kwanza, akaishusha karatasi.

"Endelea," Balbina akasema. "Kuna mistari mingine."

Akaendelea. Kuanzia kesho aanze Deogratias. Wengine waandike chini kama kawaida. Sauti ya kwenye sherehe ilikuwa imemtoka, imebaki sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba wake. Alipomaliza, Balbina akasema, "Rudia, baba, wa nyuma hawakusikia. Wamezoea kukosa."

Akarudia.

Hapo Yosefina akainua kichwa akamtazama binti yake, na kwa macho akamwambia inatosha. Balbina aliyaona macho hayo. Hakuyajibu.

Hukumu haikuchukua muda. Majaluba tisa yakarudi kwa wenyewe. Fridolin akavuliwa ukatibu pale pale, akatakiwa kutoa ufunguo wa ofisi, akatoa, ukapita mkono kwa mkono mpaka mezani. Apolinari akawauliza waliodhulumiwa kama wana neno.

"Mimi nataka sitini yangu, basi," Yosefina akasema. "Mengine Mungu anajua."

Wengine wakasema hivyo hivyo. Balbina akasimama mara ya pili.

"Mimi nataka mzee Fridolin alime mkiani. Jaluba lake namba nne liwe kitalu cha wote. Yeye apewe sitini na moja ya shemeji yake, kwenye zamu ya Evod. Asubiri maji kama mama yangu alivyosubiri."

"Binti," Apolinari akasema, "huyo ni baba yako wa ubatizo."

"Ndiyo mzee. Nilimsalimia kwanza."

Wakapiga kura kwa mikono. Fridolin mwenyewe alizihesabu, labda kwa mazoea, na zilikuwa nyingi.

Balbina naye hakutoka mzima. Mkutano uliamua orodha isibandikwe tena kwa jina lake peke yake. Kila Jumatatu watu watatu wa mkiani wanakuja dukani, wanaketi, wanasomewa ujumbe wa Evod mstari kwa mstari, ndipo programu inaendeshwa, ndipo inalinganishwa. Wateja wengine walihamia duka la upande wa pili wa barabara. Alijua wanachosema. Hakuwafuata.

Habari ya jaluba la saba aliitoa Fridolin mwenyewe. Alimwambia Yosefina njiani, siku hiyo hiyo, wakitoka ghalani. Yosefina alimsubiri Balbina mpaka wamalize kula, akanawa mikono, akakunja khanga magotini.

"La saba," akasema. "Karibu na banio. Na mgongo wangu huu."

"Mama, alikuwa ananunua mdomo wangu."

"Mdomo wako, ndiyo. Mgongo ni wangu. Ungeniambia nichague."

"Ungechagua kumsamehe."

"Ningechagua, Balbina. Hata kama ningechagua vibaya." Akainuka, akachukua sahani zote mbili. "Uliniita mvivu, nikakubali kwa sababu nilidhani unajua. Safari hii ulijua kweli, na ukanifanya mtu asiyefaa kuulizwa."

Balbina akamfuata. Alimwomba mama yake radhi kwa neno la mvivu, na kwa la saba pia. Yosefina akasema amesikia. Kesho yake akaenda kusafisha sitini yake iliyojaa magugu ya mtu mwingine.

Fridolin sasa analima sitini na moja. Maji yanamfikia karibu ya mwisho, kiangazi yanamfikia na matope tu. Kila Jumatatu anakuja Kibaoni kwa baiskeli kuhakikisha kama zamu yake imehesabiwa, maana haamini orodha ya mlangoni. Anajua orodha inavyoweza kufanywa. Anasimama nje ya duka, mkono kwenye tandiko. Programu inamwona siku zote. Balbina hajamwibia hata zamu moja, na alishafikiria kumwibia.

Jumatatu moja Yosefina alikuwa dukani, ni zamu yake kusikiliza. Fridolin akachungulia.

"Mwanangu, niangalizie tu kama nipo."

Balbina alikuwa anabana cheti cha mtu na stepla. Akabana pini ya pili, akakagua pande zote.

"Shikamoo baba. Subiri, kuna watu mbele yako."

Hakukuwa na mtu mbele yake ila kijana mmoja mwenye cheti, naye alikuwa ameshamaliza. Yosefina akageuka akamtazama binti yake.

"Mwambie yupo," akasema.

Balbina akachukua kitambaa akaanza kufuta kioo cha mashine ya kopi, pembe moja hadi nyingine, kisha akarudia.

"Nitamwambia, mama."

Na Fridolin akasubiri juani, mpaka kioo kikawa safi.